Figo ya Hervé

Bukavu, Kadutu, 9 Machi 2025

Mudogo wangu Hervé,

Papa Jacques wa mafuta ya mawese amenikuta kwenye mashini yangu ya kushona asubuhi hii. Anasema anarudi Mwenga na moto yake, ile pikipiki, barabara ikimruhusu, na anaweza kuningoja kama nitaandika upesi. Basi naandika upesi. Tangu antene ya kwenu izime tumerudi kuwa watu wa barua. Mama anasema ni afadhali, kwa sababu kwenye simu unasema "alo, alo" kuliko unavyosema maneno.

Tuko wazima. Umesikia mabaya juu ya mji, na mengi ni kweli, lakini hapa Kadutu watu wanauza, wananunua, wanapanda na kushuka. Waliokuwa na bunduki wameondoka, wamekuja wengine na bunduki zao. Benki zimefungwa. Ndege haitui tena Kavumu. Jioni kila mutu anajifungia ndani mapema, tunakaa tunasikiliza. Mama amehamia kwangu tangu Februari. Analala chumba cha mbele, na kiti chake amekiweka kati yangu na mulango.

Habari ya dawa nakuambia kabla hujauliza. Zipo. Zamani zilikuja na ndege, sasa kuna muuguzi anayevuka Ruzizi, anazichukua upande wa Rwanda na kutuletea. Nakunywa asubuhi, nakunywa jioni, na mama anasimama mbele yangu mpaka nimeze. Ni mwaka wa pili huu tangu tulipolala hospitalini wewe na mimi kule India, na figo uliyonipa inafanya kazi yake. Dokta aliniona Januari, akasema ni vizuri.

Ninayo habari nzuri zaidi. Nimeshona tena. Unamkumbuka Francine, binti wa jirani? Anaolewa baada ya Pasaka, na robe yake, gauni la harusi, naishona mimi mwenyewe, sikumpa mutu. Shanga za kifuani nimezipachika moja moja. Ungeona mikono yangu ilivyotulia. Tangu operesheni sikuweza kushika kitu kidogo namna hiyo.

Papa Jacques anakohoa mulangoni. Salimia muke wako Bijou na mutoto.

Yaya wako, dada yako mukubwa,
Rosalie


Mwenga, 27 Machi 2025

Yaya Rosalie,

Barua yako ilifika na harufu ya mawese. Niliisoma mara mingi mpaka karatasi ikalegea. Mungu ni mukubwa. Mji ulianguka, lakini mugeni wetu, ile figo, hakuanguka. Niliwaambia watu wote hapa: figo yangu iko Bukavu, imepita mu vita na bado inafanya kazi. Wazee walicheka mpaka wakakohoa.

Mi niko bien, niko muzima. Mu shimo ya dhahabu siingii tena, sawa vile dokta wa India alinikatazaka. Niko nalima mihogo na kuangalia miti ya mawese ya papa yetu. Vijana wanaopita kwenda ku dhahabu wananiita Papa Figo. Sikasiriki. Zamani nilikuwa mutu tu kati ya watu, leo nikiingia kanisani wananipa nafasi ya mbele.

Sasa sikiliza. Pasteur anataka niseme ushuhuda siku ya Pasaka. Mwaka jana nilisema, na wengine walitembea kutoka mbali ili kunisikia. Mwaka huu nataka nisome neno lenye limetoka mu mukono yako. Uandike kidogo tu, namna figo iko, namna uliponyoka. Watu wa huku wanahitaji kusikia kitu kizuri.

Na dawa, yaya, usichoke. Siku utachoka, uwaze kama unazikunywa juu yangu mimi, kwa ajili yangu. Niambie pia kama unakojoa vizuri, kama presha iko chini, na dokta amesema nini.

Bijou anakusalimia sana. Iko ku shamba, ndiyo maana haandiki yeye mwenyewe.

Mudogo wako,
Hervé


Bukavu, 12 Aprili 2025

Hervé,

Neno la kusoma kanisani ni hili: "Mimi Rosalie ni muzima. Ndugu yangu Hervé alinipa uhai mara ya pili. Bwana asifiwe." Ukate hapo. Yanayofuata ni yako peke yako.

Nilitafuta mu barua yako mahali uliponiuliza habari yangu. Uliuliza figo, mukojo, presha, dokta. Mimi sikujiona.

Sijui kama mutu anaweza kusema jambo hili na asionekane hana shukrani. Mama ananiamsha na dawa. Jirani nikikutana naye njiani anatazama kwanza miguu yangu, kama imevimba. Mutu akileta suruali ya kukata anauliza "na figo?" ndipo aseme habari ya suruali. Siwezi kubeba ndoo, nitanyang'anywa. Siwezi kukasirika, presha itapanda. Siwezi kulia, maana mama ataita watu wa sala wajaze nyumba mpaka kesho. Upande huu nina ziwa, upande ule nina barabara ambayo hupiti bila kuulizwa unakwenda wapi, na ndani nina kiti cha mama. Kuna siku nawaza kwamba mimi nilifia kule India. Iliyorudi ni figo yako, ndiyo mnayoilisha na kuifunika blanketi.

Usimsomee mutu. Labda ni mvua tu. Inanyesha bila kupumua na moshi wa jikoni hautoki.

Robe ya Francine imekwisha. Nimepata kazi nyingine za kutarizi mashuka. Mikono bado imetulia.

Rosalie


Mwenga, 2 Mei 2025

Yaya,

Siku ya Pasaka nilisoma neno lako. Mama Consolate, yule mujane wa karibu ya kisima, alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Pasteur alisema haijatokea ushuhuda sawa ule. Nilitamani uwe hapo uone.

Ile sehemu ya pili niliisoma peke yangu, na nikuambie ukweli, nilikasirika. Uko na uhai, na unalalamikia kiti ya mama? Mwezi huu tumezika mwanamuke wa hapa, alivimba sawa vile ulikuwa umevimba wewe, na hakukuwa mutu wa kumupa kitu. Watoto wake wako wanazunguka tu mu njia. Yeye angependa kuwa na mama wa kumusimamia na dawa.

Mi nilipasuliwa ubavu nikiwa muzima, yaya. Sikukuomba kitu na sitakuomba. Kitu kimoja tu: usiniangushe. Watu wote wa huku wanajua. Hayo mawazo ni ya shetani, anakujaka kwa mutu akiwa peke yake. Uombe, ule, unywe dawa, itapita.

Bijou anakusalimia.

Hervé


Bukavu, 30 Mei 2025

Hervé mutoto wangu,

Ni mi mama yako Nathalie naandika. Macho haione tena muzuri, usome pole pole.

Rosalie iko ku lopitali. Alianza kuvimba uso, nikasema ni usingizi. Kisha ikafika miguu. Kisha akakaa siku muzima bila kwenda ku choo, na hakusema, ni mi niliona. Tulimubeba ku mugongo ya mutu mpaka chini ku barabara, juu pikipiki haifike ku nyumba yetu.

Wanamupiga masindano ya nguvu. Dokta aliniita pembeni akaniuliza, maman, huyu anakunywaka dawa? Nikamujibia, mi mwenyewe nasimamaka pale, asubuhi na magaribi, mpaka anameza. Akasema, mu damu yake dawa haimo. Hervé, nilisikia haya sawa mwizi.

Nikamuuliza Rosalie mbele ya dokta. Akasema, nilisahau mama, juu ya masasi ya bunduki. Masasi gani? Huu mwezi haikulia kwetu. Na mutu anasahau namna gani kitu yenye mama yake anamushikia kikombe ya maji? Nilirudi ku nyumba kufagia, nikakuta vidonge mu majivu ya mbabula ya kupikia. Alikuwa anafunga mudomo, anangoja nigeuke, anatema.

Sasa haseme. Anaangalia ukuta. Kuna mwanamuke wa hapo ku lopitali, Madame Élodie, wanasema kazi yake ni ya mambo ya roho na akili, psikologe. Anakuja kukaa naye. Siku ya kwanza alinitoa inje. Mi mama yake, nikae mu kuloari, inje ya mulango.

Uandike umugombeze. Wewe atakusikia, juu ile kitu ni yako.

Mama yako,
Nathalie


Mwenga, 14 Juni 2025

Yaya Rosalie,

Mama aliniambia nikugombeze. Nilianza. Niliandika ukurasa muzima wa matusi, nikaitia mu moto, kisha nikatoka kwenda kukata miti mpaka mikono ikatoka damu. Niliporudi nilikuwa bado na kasirani. Kasirani ilikaa siku mingi, na mimi sikukuandikia. Unisamehe kama ulikuwa unangoja.

Kuna kitu nilikudanganya. Bijou hakukusalimia. Hayuko hapa tangu Desemba, alirudi kwao.

Nilijiambia amekimbia juu niko nusu ya mutu, na watu wa hapa ndivyo wanasema, na mi niliwaacha waseme juu ilinipendeza kuliko ukweli. Sasa nitakuambia vile ilikuwa. Mama yake alikuwa mugonjwa, na Bijou aliniomba niende kumusaidia kulima shamba ya ule mama muzee, majani ilikuwa inafunika mazao. Nilikuwa na mukutano ya kanisa, walitaka niseme ushuhuda ku kijiji ingine. Nikamuambia, mi nilishatoa figo, unataka nitoe nini tena? Alikuwa anapepeta muchele. Aliweka lungo chini akasema: "Hervé, wewe unatoa ile figo kila siku, na kila siku sisi wote tunapaswa kupiga magoti tuipokee. Mi nimechoka kupokea." Hakupiga kelele. Alichukua mutoto na nguo, akaenda.

Nilikataa kumuelewa. Nilikataa mpaka barua ya mama ilifika. Mama ameandika, "juu ile kitu ni yako." Nilisoma hiyo mistari nikasikia sauti ya Bijou. Kisha nikachukua barua zako nikazisoma tena, na zile nilizokuandikia nikazikumbuka. Mugeni wetu. Uzikunywe juu yangu. Usiniangushe. Nilikuwa nimekaa ku mulango yako na mi pia, yaya, toka huku Mwenga.

Ile figo si yangu. Niliitoa nikiwa na akili, nikasinya karatasi, wakaitoa. Ilikwisha siku ile. Kama umeipoteza, umepoteza kitu yako. Nitalia, siwezi kukudanganya, nitalia sana. Lakini sitakuja kukudai.

Niambie kitu kimoja tu, na usiponiambia nitavumilia. Uliacha juu ya nini? Sitasomea mutu. Nilimuambia pasteur sitasimama tena mbele. Aliuliza kama figo imeharibika. Nikamujibia sijui, na ni kweli, sijui. Tuko hapa bila rezo ya simu, barabara imefungwa tena tangu juma lililopita, na sijui kama wakati niko naandika bado uko.

Hervé


Bukavu, 5 Julai 2025

Mudogo wangu,

Bado niko. Nilitoka hospitali wiki tatu zilizopita. Barua yako ilikaa kwa Papa Jacques mpaka barabara ilipofunguliwa, akaileta juzi, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kujibu.

Uliuliza juu ya nini. Nitakuambia jinsi ilivyoanza, kwa sababu ilianza na kitu kidogo.

Tangu India mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Ni ile dawa. Nilikuwa siwezi kupitisha uzi kwenye sindano, nikawa nakata tu, mwingine anashona. Sikumwambia dokta. Kila nikimwona anauliza "unaendeleaje?" na mama anajibu mbele yangu "tunamshukuru Mungu," na baada ya hapo ningesemaje? Wewe ulitoa figo, halafu mimi nilalamikie vidole? Kisha Francine akaja na kitambaa chake, akaniomba mimi. Nikaacha dawa ya asubuhi, nikaona. Nikaacha na ya jioni. Baada ya siku chache mikono ilitulia kabisa. Hervé, nilikaa nikaiangalia kama ya mutu mwingine. Nilishona robe ile nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu niugue.

Ningerudi kwenye dawa baada ya robe. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini robe ikaisha na sikurudi, na hapo si habari ya mikono tena. Niliona kwamba ndani ya siku yangu kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna aliyekijua, hata mama, na kile kitu kilikuwa changu. Kila asubuhi nilikiweka chini ya ulimi. Sikuwa nataka kufa. Madame Élodie aliniuliza hivyo waziwazi, na nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Nilikuwa nataka watu waache kunilinda. Lakini siku nyingine, za mwisho mwisho, nilipoona miguu inavimba, nilifunga mulango nikalala, na sikujali. Hizo siku nazo zilikuwepo. Nimemwambia na hizo.

Yule Madame ni mutu wa pekee. Siku ya kwanza hakuuliza dawa. Aliuliza kama nimeolewa, nikasema mume alinikimbia nilipoanza kuvimba, akaandika, kisha akauliza kazi gani naipenda kuliko zote. Nikamwambia kupachika shanga. Akataka nimweleze inavyofanywa. Nilimweleza mpaka nikalia, na hakuita mutu.

Juzi ilikuwa siku ya kumwona dokta. Mama alikuja nami. Tulikaa, dokta akafungua karatasi za damu, akaanza kusema namna ya kukumbuka dawa: niweke alama, niombe mutu anikumbushe, kwa kuwa wagonjwa wengi husahau katika kipindi hiki. Mama alikuwa anaitika kwa kichwa.

Nikasema, "Dokta, sikusahau. Niliacha."

Aliweka kalamu chini. Mama hakunigeukia. Nikasema yote, mikono, robe, ulimi, majivu. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini haikukatika.

Dokta akasema, "Rosalie, habari ya kutetemeka ungeniambia. Tunaweza kupunguza kipimo, na kuna aina nyingine ya dawa tunayoweza kujaribu. Mikono haiwezi kurudi kama zamani kabisa, lakini ingekuwa bora kuliko hii." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniuma. Yote haya, na kulikuwa na jambo la kusema tu.

Sasa usikie na lingine, nisikufiche. Sehemu ya figo imekufa na haitarudi. Iliyobaki inafanya kazi. Nikifuata dawa inaweza kunipeleka miaka, au isinipeleke, dokta hakutaka kuahidi. Ikikataa nitarudi kwenye mashini ya kusafisha damu, na hapa mjini unajua hali. Wa kunipa nyingine hayupo. Mipaka ni ileile, ndege bado haitui, na muuguzi wetu safari iliyopita alirudishwa kutoka darajani, akavuka kesho yake. Kila wiki tunangoja kuona kama atavuka. Sijatoka mahali nilipokuwa, Hervé. Ni kwamba sasa kuna mutu anayejua niko wapi.

Najaribu kusema "figo yangu." Kinywa hakijazoea.

Habari ya Bijou: usiende kwao na maneno mengi. Nenda ulime shamba la mama yake, halafu urudi kwako. Akitaka kuzungumza atakuita.

Tulitoka kwa dokta. Mama alitembea mbele yangu, mgongo wake peke yake ndio niliouona, nikafikiri amenikasirikia milele. Pale tunapoanza kupanda kwenda kwetu, penye wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alisimama apumue. Watu walikuwa wanatupita na mizigo. Akaniuliza bila kugeuka:

"Rosalie, we unapenda kuishi?"

Nikamjibu, "Siku zingine, mama."

Muuza sambaza alimuuliza kama ananunua, hakumsikia.

"Na zile zenye hupendi?"

"Zile sikuwa na mutu wa kumwambia."

"Uniambie mi," akasema. "Ata kama sitajua kujibu."

Kisha akanyoosha mukono akashika bega langu. Nilidhani ananishika nisianguke, kama kawaida yake. Lakini alikuwa ananiegemea, Hervé. Alikuwa amechoka, na kilima kilikuwa bado kirefu. Nikamshika kiunoni, tukapanda.

Dada yako,
Rosalie